Roman Vishniac: Picha za kuomba msaada zilizogeuka kumbukumbu ya waliouawa

Kati ya mwaka 1935 na 1938, Roman Vishniac alisafiri mara kadhaa kutoka Berlin kwenda Poland na nchi nyingine za mashariki mwa Ulaya kuwapiga picha Wayahudi maskini. Picha hizo zilikusudiwa kuchangisha fedha. Miaka michache baadaye wengi wa watu walioonekana ndani yake walikuwa wameuawa, na kazi ya hisani ikabeba mzigo ambao haikuandaliwa kuubeba.

Katika chumba kilicho chini ya ardhi mjini Warsaw, msichana mdogo ameketi kitandani. Ukutani, juu ya kichwa chake, kuna maua yaliyochorwa kwa rangi. Uso wake umetulia, macho yake yanatazama mbele. Mpiga picha alisimulia baadaye kwamba msichana huyo alikaa kitandani majira yote ya baridi kwa kuwa hakuwa na viatu, na kwamba maua ya ukutani ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Ni miongoni mwa picha zinazojulikana zaidi za maisha ya Wayahudi wa Poland kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na aliyeipiga ni Roman Vishniac.

Jina lake limeshikamana na jamii hiyo kiasi kwamba watu wengi, wanapojaribu kuwaza jinsi Wayahudi wa Ulaya Mashariki walivyoishi, huwaza kwa kutumia picha zake hata kama hawajui ni zake. Wazee wenye ndevu ndefu wakipita kwenye theluji, watoto wa madrasa wakiinamia vitabu vitakatifu, mahamali waliokaa barazani wakisubiri mzigo wa kubeba: hiyo ndiyo dunia ya Vishniac. Swali lililoibuka baada ya kifo chake ni kama dunia hiyo ilikuwa yote.

Hadubini na kamera

Vishniac alizaliwa tarehe 19 Agosti 1897 katika mji wa Pavlovsk, karibu na Saint Petersburg, akalelewa Moscow. Wakati huo dola ya Urusi iliwalazimisha Wayahudi wengi kuishi katika majimbo ya magharibi tu, na ni wachache walioruhusiwa kukaa katika miji mikubwa. Familia yake ilikuwa miongoni mwa hao wachache. Baba yake alikuwa na biashara ya kutengeneza miavuli, na nyumbani hapakuwa na dhiki.

Inasimuliwa kwamba alipotimiza miaka saba, bibi yake alimpa zawadi ya hadubini. Mtoto aliiunganisha na kamera na kupiga picha ya mguu wa mende, ukiwa umekuzwa mara 150. Kisa hicho kina uzito kwa sababu kilitabiri maisha yake yote. Kwa miaka zaidi ya themanini iliyofuata, Vishniac aliishi kati ya vifaa viwili hivyo: kimoja cha kuona viumbe visivyoonekana kwa macho, kingine cha kuhifadhi kile kilichoonekana.

Alisomea elimu ya wanyama mjini Moscow. Mapinduzi ya mwaka 1917 na misukosuko iliyofuata viliisukuma familia yake kuhamia Ujerumani, na yeye akaifuata mwaka 1920. Alimuoa Luta Bagg, wakaishi Berlin na kupata watoto wawili, Wolf aliyezaliwa mwaka 1922 na Mara aliyezaliwa mwaka 1926. Berlin ya miaka ile ilikuwa mji wa magazeti, sinema na kamera ndogo za kubebeka mkononi. Vishniac, ambaye upigaji picha haukuwa bado kazi yake ya kumlisha, alizunguka mitaani akipiga picha za vituo vya treni, wafanyakazi, wapita njia na vivuli vyao. Picha hizo, ambazo nyingi zilikuja kufahamika miongo mingi baadaye, zinaonyesha msanii aliyejua vizuri mitindo mipya ya wakati wake.

Mtoto mbele ya bango

Mwaka 1933 Adolf Hitler alipoingia madarakani, mitaa ile ile ilianza kubadilika. Bendera zenye msalaba wa kinazi zilining'inizwa kwenye majengo, na mabango ya siasa yakajaa kutani. Kwa Myahudi mwenye kamera, kupiga picha ya mambo hayo hadharani kulikuwa hatari. Vishniac alipata njia: alikwenda na binti yake Mara, aliyekuwa na umri wa miaka saba hivi, akamsimamisha mbele ya kile alichotaka kukipiga picha. Kwa mtazamaji, huyu alikuwa baba anayempiga picha mtoto wake.

Katika mojawapo ya picha hizo Mara amesimama mbele ya bango la uchaguzi lenye sura za Rais Paul von Hindenburg na Hitler. Katika nyingine yuko nje ya duka lililouza chombo cha kupimia fuvu la kichwa, chombo ambacho kilidaiwa kuweza kutofautisha watu kwa nasaba zao. Uso wa mtoto hauonyeshi kama anaelewa kilicho nyuma yake. Ni vigumu kupata ushahidi mwepesi kuliko huo wa jinsi ubaguzi ulivyoingia katika maisha ya kila siku ya mji mkubwa, dukani na kwenye kuta za mtaa.

Katika miaka hiyo Vishniac alipiga pia picha za mashirika ya Wayahudi wa Ujerumani yaliyokuwa yakiwasaidia waliofukuzwa kazini na waliojiandaa kuhama. Kazi hiyo ilimfikisha kwenye safari zilizomjengea jina.

Safari za kwenda mashariki

Mwaka 1935 aliajiriwa na Joint, shirika la hisani la Wayahudi wa Marekani lililoanzishwa mwaka 1914 mjini New York. Ofisi yake ya Ulaya ilihitaji picha za Wayahudi waliokuwa katika umaskini mkubwa, ili wafadhili wa Marekani na Ulaya Magharibi waone kwa macho yao na kutoa fedha.

Haja ilikuwa ya kweli. Poland ilikuwa na Wayahudi zaidi ya milioni tatu, jamii kubwa kuliko zote za Kiyahudi barani Ulaya. Mdororo wa uchumi wa dunia uliwaumiza raia wote wa nchi hiyo, lakini kwa Wayahudi uliambatana na chuki. Vyama vya siasa kali za kizalendo viliwahimiza Wapoland wasinunue katika maduka ya Wayahudi, na katika vyuo vikuu wanafunzi wa Kiyahudi walisukumwa wakae kwenye viti vya peke yao. Mafundi, wachuuzi na wenye maduka madogo walikuwa wakipoteza riziki mwaka hadi mwaka.

Vishniac alikwenda Warsaw, Kraków, Lublin na Vilnius, mji ambao wakati huo ulikuwa ndani ya mipaka ya Poland. Alifika pia katika milima ya Carpathia, eneo lililokuwa sehemu ya Chekoslovakia na ambalo leo liko Ukraine, ambako Wayahudi waliishi katika vijiji wakilima na kufuga. Katika mji wa Mukachevo aliwapiga picha marabi na wanafunzi wao. Alibeba kamera mbili za Kijerumani, Leica na Rolleiflex, akaingia katika vyumba vya chini ya ardhi ambamo familia kadhaa ziliishi pamoja, katika masoko, jikoni za kugawa chakula, shule na sinagogi.

Mwishoni mwa Oktoba 1938 Ujerumani iliwafukuza kwa mkupuo Wayahudi wapatao 17,000 wenye uraia wa Poland. Maelfu yao walikwama katika mji mdogo wa mpakani wa Zbąszyń, wakalala katika mazizi ya farasi na majengo matupu baridi ikiwa imeanza. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo wazazi wa kijana Herschel Grynszpan, aliyekuwa Paris. Kijana huyo alimpiga risasi mwanadiplomasia wa Kijerumani, na utawala wa Wanazi ukatumia kifo hicho kuwa kisingizio cha kuchoma masinagogi na kuvunja maduka ya Wayahudi nchini kote usiku wa tarehe 9 Novemba. Vishniac alikwenda Zbąszyń mwezi huo huo. Picha zake za wakimbizi wale ni kati ya kumbukumbu chache za tukio ambalo vita kubwa iliyofuata imelifunika.

Kukimbia na kuokoa negativu

Mwaka 1939 Joint ilimtuma Uholanzi, kwenye kambi ya mafunzo ambako vijana wa Kiyahudi kutoka Ujerumani walijifunza kilimo na ujenzi wakitarajia kuhamia Palestina. Picha za huko zina roho nyingine kabisa. Vijana wamepigwa kutokea chini, wamebeba mbao na mawe huku anga pana ikiwa nyuma yao, wenye nguvu na matumaini. Mpiga picha aliyeonekana kuwa mshairi wa huzuni alithibitisha kwamba alijua pia kusimulia habari za nguvu, mteja alipohitaji habari hizo.

Vita ilipoanza, familia yake ilikuwa imetawanyika. Luta na watoto walikimbilia Sweden. Vishniac mwenyewe alikuwa Ufaransa, ambako alikamatwa na kuzuiliwa katika kambi ya Ruchard. Mkewe alihangaika hadi akaachiliwa, wakakutana Lisbon nchini Ureno, wakapata nafasi kwenye meli na kuwasili New York mwisho wa mwaka 1940. Sehemu ya negativu zake zilifika Marekani baadaye kwa msaada wa rafiki aliyepitia Cuba.

Huko New York alianza upya akiwa na umri wa miaka 43. Alifungua studio, akajipatia riziki kwa kupiga picha za watu, na wakimbizi wenzake walikuwa sehemu ya wateja wake. Mwaka 1942 alimpiga picha mwanafizikia Albert Einstein mjini Princeton. Wakati huo huo alijaribu kuwafanya Wamarekani waangalie picha zake za mashariki. Maonyesho yalifanyika katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1943, na katika taasisi ya utafiti ya YIVO mwaka 1944 na 1945.

Tarehe hizo zinastahili kuangaliwa kwa makini. Wageni walipokuwa wakipita mbele ya picha hizo, kambi za mauaji zilikuwa zimeshameza sehemu kubwa ya watu waliokuwa wakitazamwa. Wayahudi wapatao milioni tatu wa Poland waliuawa, takribani tisa katika kila kumi. Waliozionyesha picha hizo mwaka 1938 walikuwa wakiomba msaada kwa ajili ya watu walio hai. Waliozitazama mwaka 1945 walikuwa wakiwaaga.

Mwaka 1947 Vishniac alirudi Ulaya kupiga picha za manusura katika kambi za wakimbizi na za Berlin iliyobaki magofu. Mtaa wake wa zamani ulikuwa vifusi. Mwaka huo huo picha zake za Poland zilitolewa katika kitabu kilichotanguliwa na insha ya mwanafalsafa wa dini Abraham Joshua Heschel.

Kile kitabu na kile kilichoachwa

Kwa miongo iliyofuata Vishniac alirudia mapenzi yake ya utotoni. Alikuwa mmoja wa mabingwa wa kupiga picha kwa kutumia hadubini, akafundisha elimu ya viumbe katika chuo cha tiba chenye jina la Einstein mjini New York, na kutengeneza filamu za sayansi. Alisisitiza kupiga picha za viumbe vikiwa hai, katika hali yao ya kawaida, na inaelezwa kwamba alipomaliza na mdudu alimrudisha pale pale alipomtoa. Mwanawe Wolf alifuata njia ya sayansi na kubuni chombo cha kutafuta dalili za uhai kwenye sayari ya Mirihi. Wolf alifariki mwaka 1973 akiwa kazini Antaktika, na kasoko moja ya sayari hiyo imepewa jina lake.

Mwaka 1983, Vishniac akiwa na miaka 86, ulitoka kitabu kilichomfikisha kila nyumba ya Kiyahudi nchini Marekani: A Vanished World, yaani Dunia Iliyotoweka, chenye utangulizi wa mwandishi Elie Wiesel. Ndani yake picha ziliambatana na maelezo aliyoyaandika mwenyewe, yenye visa vya hatari, vya kamera iliyofichwa kwenye nguo na vya watu waliokutana naye kwa dakika chache. Alifariki New York tarehe 22 Januari 1990, akiwa na miaka 92, huku heshima yake ikiwa haijaguswa.

Mashaka yalikuja baadaye, na yalikuja kutoka kwenye masanduku yake mwenyewe. Maya Benton, msimamizi wa maonyesho katika Kituo cha Kimataifa cha Upigaji Picha mjini New York, alipitia maelfu ya negativu na kugundua kwamba nyingi zilikuwa hazijawahi kuchapishwa. Ndani yake walikuwamo Wayahudi wengine: wanawake waliovalia mitindo ya kisasa, maduka yenye bidhaa, watoto wakicheza katika kambi za likizo, watu wakicheka. Umaskini ulikuwapo, lakini haukuwa peke yake.

Baadhi ya maelezo ya picha pia hayakusimama. Katika kitabu cha 1983 picha mbili ziliwekwa pamoja kuonyesha baba anayejificha dhidi ya wafuasi wa chama chenye chuki kwa Wayahudi, na mwanawe anayemuashiria kwamba wanakuja. Uchunguzi ulionyesha kwamba picha hizo hazikuwa za tukio moja. Na katika picha nyingi zilizosemekana kupigwa kwa siri, watu wanaitazama lenzi moja kwa moja, wakijua kabisa kuwa wanapigwa picha.

Wapo walioona ugunduzi huo kama kumvunjia heshima marehemu, na hata kama silaha kwa wanaokanusha mauaji ya Wayahudi. Hofu hiyo inaeleweka. Hata hivyo, hakuna negativu iliyopatikana inayopunguza hata mtu mmoja kwenye hesabu ya waliouawa. Kilichobadilika ni picha ya jinsi walivyoishi.

Kosa moja kubwa lilikuwa la matumizi. Shirika lilimtuma mtu atafute njaa, naye akaileta njaa, kwa sababu mfadhili haguswi na picha ya mwanamke aliyependeza akitoka dukani. Kwa kazi ya mwaka 1936 huo ulikuwa uamuzi wa maana, na huenda uliokoa watu. Baada ya 1945 chaguo lile lile likaanza kusomwa kama maelezo kamili ya taifa zima, na hakubaki mtu mtaani wa kusema kwamba hapa palikuwa pia na wanasheria, wachezaji wa mpira, wanachama wa vyama vya wafanyakazi na wapenzi wa sinema. Jamii zinazofahamika duniani kupitia mabango ya kuomba misaada zinalijua jambo hili bila kufundishwa: picha inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado ikawaacha nje watu wengi zaidi ya inaowaonyesha.

Vishniac mwenyewe alichangia. Alikuwa msimuliaji, na kadiri miaka ilivyopita visa vyake vilizidi kunoga. Alikuwa pia mtu aliyebaki na nyuso za maelfu ya watu ambao hakuweza kuwaokoa. Haiwezekani kupima ni kiasi gani cha chumvi aliyoiongeza kilitokana na kupenda sifa, na kiasi gani kilitokana na kutaka kila uso uliobaki mikononi mwake uwe na kisa cha kusimuliwa.

Nyuso zinazosubiri majina

Mwaka 2013 kituo hicho cha New York kilifungua maonyesho makubwa yaliyoitazama upya kazi yake yote: Berlin ya miaka ya 1920, safari za mashariki, Uholanzi, wakimbizi, New York na ulimwengu wa hadubini. Kwa mara ya kwanza watazamaji wengi waliona jinsi kipaji chake kilivyokuwa kipana kuliko kile kitabu cha huzuni. Mwaka 2018 binti yake Mara, yule aliyesimama mbele ya bango la Hitler, alikabidhi hazina hiyo kwa mkusanyiko wa Magnes katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Kabla ya hapo kituo hicho na Jumba la Makumbusho ya Mauaji ya Wayahudi la Washington viliziweka negativu katika mtandao, zikiwemo zile alizoziacha bila kuchapisha, na kuwaomba watu popote walipo wazitazame na kusema kama wanamtambua mtu, mtaa au duka. Vishniac aliandika visa vingi, lakini majina aliyoyaacha ni machache. Wengi wa watu wale bado wanaitwa mchuuzi, mwanafunzi, mama na mtoto. Kila anayetambuliwa na ndugu aliyenusurika anatoka katika kundi la maskini wa mfadhili na wafu wa historia, na kuwa tena mtu fulani, wa nyumba fulani, aliyepita njia hiyo siku ambayo mgeni kutoka Berlin alikuwa na kamera.